Tairi la bodaboda Chumbi: nani anachagua, nani anateleza?

Abiria wa bodaboda huuliza nauli kwanza. Wachache huuliza kofia ngumu. Karibu hakuna anayeinama kuangalia tairi. Hata hivyo, kila kinachomwokoa barabarani, iwe ni breki, kona au kumkwepa mbuzi aliyekatiza ghafla, kinategemea vipande viwili vya mpira vinavyogusa ardhi, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiganja cha mkono au pungufu.

Makala hii inaangalia suala hilo kutokea kata ya Chumbi, wilayani Rufiji mkoani Pwani. Ni tairi gani linafaa kwa barabara za huko? Na kwa nini dereva anayelijua tairi zuri bado huondoka dukani na lile lisilofaa?

Barabara tatu katika safari moja

Chumbi iko kusini mwa Mto Rufiji, kwenye njia ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Hadi mwaka 2003 magari yalivuka mto kwa kivuko pale Ndundu. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilimaliza kusubiri huko. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, takriban kilomita 60, kilichokuwa na sifa mbaya ya kunasisha mabasi wakati wa masika, nacho kikawekwa lami katika muongo uliofuata.

Lami ilileta mwendo kasi. Lakini abiria wa Chumbi haishii kwenye lami. Anakwenda shambani kwenye korosho au ufuta, ambako njia ni ya mchanga. Anateremka bondeni kwenye mpunga, ambako udongo ni mfinyanzi unaong'ang'ania tairi kama gundi mvua ikinyesha. Safari moja ya shilingi elfu chache inaweza kupita lami, mchanga na tope.

Mwaka 2024 ulikumbusha jinsi hali inavyobadilika haraka. Mwezi Aprili mafuriko ya Mto Rufiji yalifunika makazi na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na Chumbi na jirani zake wa Muhoro walikuwa miongoni mwa walioathirika. Mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya, na barabara kuu ikakatika upande wa Kilwa. Gari linaposhindwa kupita, pikipiki ndiyo hutafutiwa upenyo kumfikisha mgonjwa zahanati. Siku kama hiyo, tairi ndilo linaloamua kama safari inafika.

Mambo matatu yasiyokubali kukaa pamoja

Mtengenezaji wa tairi popote duniani hupambana na mambo matatu: mshiko, maisha marefu na bei. Mpira laini hushika barabara vizuri, hasa ikiwa na maji, lakini huisha upesi. Mpira mgumu hudumu, lakini huteleza mapema breki inapokamatwa kwa nguvu. Mpira unaoshika na pia kudumu upo, ila unahitaji mchanganyiko wa gharama zaidi kiwandani, na gharama hiyo huonekana kwenye bei.

Kwa pikipiki kubwa za safari ndefu zinazotumika Ulaya na Marekani, viwanda vilitatua sehemu ya tatizo hilo kwa kuweka mipira miwili katika tairi moja: mgumu katikati, ambako pikipiki hukanyaga ikiwa wima, na laini pembeni, ambako hulalia kwenye kona. Bodaboda wa Chumbi hafaidiki sana na ujanja huo. Kwenye lami ya Ndundu–Somanga anakwenda wima kwa muda mrefu, na kwenye mchanga hawezi kulaza pikipiki. Anahitaji mshiko wa katikati, pale anapofunga breki akiwa na abiria mgongoni.

Hapo ndipo kosa la kawaida linapoanza. Dereva hupima ubora kwa muda ambao tairi limedumu. "Hili nimelitumia mwaka mzima" ni sifa kubwa kijiweni. Lakini tairi linaloshindikana kuisha mara nyingi ni gumu, na siku ya manyunyu ya kwanza, vumbi na mafuta yaliyokaa juu ya lami yanapochanganyika na maji, ugumu huo hugeuka utelezi.

Kashata kubwa au mistari?

Uchaguzi wa pili ni wa kashata, yale meno ya tairi. Kashata kubwa zilizoachana huchimba tope na kulitema, kwa hiyo zinafaa bondeni. Zikipanda lami, hali inageuka: mpira unaogusa barabara ni mdogo, meno hupinda wakati wa breki, pikipiki hutetema, na kashata za katikati huisha haraka. Tairi la mistari midogo hutulia kwenye lami, lakini likijaa mfinyanzi huwa kama limepakwa sabuni.

Kwa mtu anayefanya kazi Chumbi, jibu la busara ni katikati: nyuma tairi la kashata za wastani zilizokaribiana kwenye mstari wa kati, mbele tairi la mistari ya kuzunguka inayosaidia usukani kufuata njia. Anayeingia bondeni kila siku aongeze ukubwa wa kashata nyuma. Anayepeleka abiria Ikwiriri na kurudi kwa lami apunguze.

Tairi la mbele lisidharauliwe. Breki inapokamatwa, uzito mwingi hukimbilia mbele, na tairi hilo ndilo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Wapo wanaonunua jipya la nyuma na kuliacha la mbele liwe kipara kwa sababu haliishi haraka. Tairi la nyuma likiteleza, dereva ana nafasi ya kulirudisha. La mbele likiteleza, mara nyingi anajikuta chini kabla hajajua kilichotokea.

Soma ubavu wa tairi kabla ya kulipa

Maelezo muhimu yameandikwa kwenye ubavu wa tairi. Mfano ni 3.00-17 50P, saizi inayoonekana nyuma ya pikipiki nyingi za bodaboda. Tarakimu 3.00 ni upana kwa inchi, na 17 ni kipenyo cha rimu. Alama ya 50 ni uwezo wa kubeba: kilo 190. Herufi P ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 150 kwa saa, ambao hakuna bodaboda anayepaswa kuufikia.

Sasa tufanye hesabu. Pikipiki ya kilo 115, dereva wa kilo 65 na abiria mmoja wa kilo 65 ni jumla ya kilo 245. Tairi la nyuma likibeba kama theluthi mbili, linapata kilo 163 hivi. Hapo tuko salama. Ongeza abiria wa pili, ile mishikaki tuliyoizoea, na jumla inafika kilo 310. Kwa kuwa abiria wa mwisho anakaa nyuma kabisa, tairi la nyuma linabeba zaidi ya kilo 200. Limepita kiwango chake, na bado hatujaweka gunia. Tairi hilo litachemka, litaisha upesi, na dereva atasema kampuni imeharibika siku hizi.

Tafuta pia tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. 1423 maana yake ni wiki ya 14 ya mwaka 2023. Mpira hukakamaa kadiri unavyozeeka, na jua huharakisha jambo hilo. Tairi lililoning'inizwa nje ya duka miaka kadhaa linaweza kuwa na kashata zote na mshiko kidogo. Ukiona nyufa ndogo kati ya kashata, liache.

Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira, na pembeni yake herufi TWI. Kashata zikishuka hadi usawa wa vinundu hivyo, tairi limekwisha, hata kama bado linashika upepo. Kulichonga upya kwa kisu ili lionekane jipya ni kupunguza unene mdogo uliobaki kati ya tyubu na msumari.

Mwisho ni upepo. Kwa pikipiki nyingi za aina hii mtengenezaji hupendekeza karibu psi 25 mbele, na nyuma 28 dereva akiwa peke yake au 32 akiwa na abiria. Kipimo halisi kiko kwenye kitabu au stika ya pikipiki yako. Kupunguza upepo kidogo husaidia kwenye mchanga, lakini ukipanda lami na upepo huohuo, ubavu unapinda, unachemka, na tyubu inaweza kung'oka kwenye pipa lake. Kuuzidisha ili "tairi lisile mafuta" kunapunguza sehemu inayogusa ardhi na kuimaliza katikati. Geji ya upepo ni mali ya kununuliwa na kijiwe kizima.

Hesabu ya shilingi mia

Turudi kwenye bei. Tarakimu zifuatazo ni za mfano. Msomaji aweke za duka lake. Tairi la shilingi 35,000 linalokwenda kilomita 7,000 linagharimu shilingi 5 kwa kilomita. Tairi la shilingi 60,000 linalokwenda kilomita 15,000 linagharimu shilingi 4. Kwa dereva anayekimbia kilomita 100 kwa siku, hiyo ni shilingi 500 dhidi ya 400.

Linganisha na petroli. Pikipiki inayotumia lita 2.5 kwa kilomita 100, lita ikiwa karibu shilingi 3,000, inakunywa shilingi 7,500 kwa siku. Tairi, liwe zuri au baya, ni kama sehemu moja ya kumi na tano ya gharama hiyo. Hata kama tairi lenye mshiko zaidi lingeisha mapema na kugharimu shilingi 600 kwa siku, tofauti yake na lile la bei rahisi ni shilingi 100. Anguko moja linalovunja taa, kioo na mguu linameza tofauti ya miaka mingi.

Kama hesabu ni nyepesi hivyo, kwa nini haifuatwi? Kwa sababu shilingi 400 kwa siku hailipwi kwa siku. Inalipwa mara moja, elfu sitini kwa mpigo, siku tairi limepasuka na hesabu ya tajiri inasubiriwa jioni. Siku hiyo dereva hununua tairi linaloendana na pesa iliyopo mfukoni.

Nani ananunua, nani anapanda

Wapo madereva wanaomiliki pikipiki zao. Wengine hupeleka hesabu kwa tajiri kila siku au kila wiki, na wengine wako kwenye mkataba, ambapo pikipiki itakuwa yao wakimaliza kulipa. Kwenye hesabu, tairi mara nyingi ni jukumu la tajiri, naye hutazama bei kwa kuwa hapandi yeye. Kwenye mkataba, jukumu huwa la dereva, naye hutazama siku zilizobaki, akiwaza kumaliza deni kwanza. Katika hali zote mbili, abiria, ambaye mwili wake uko juu ya tairi hilo, hana sauti.

Serikali imeweka msingi. Kanuni za mwaka 2010 ziliitambua pikipiki kama chombo cha kubeba abiria, Sheria ya Usalama Barabarani hairuhusu chombo kibovu kuwa barabarani, na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lina jukumu la kusimamia ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009, na soko la matairi limebaki kutegemea bidhaa za nje. Shilingi ikiyumba mbele ya dola, bei dukani Kibiti nayo inayumba, na mnunuzi anashuka daraja moja la ubora.

Ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kwa mwaka, kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, na watumiaji wa pikipiki na bajaji ni asilimia 21 yao. Si zote zinasababishwa na tairi. Lakini tairi ni miongoni mwa mambo machache ambayo dereva anaweza kuyarekebisha kabla hajawasha pikipiki.

Kinachowezekana sasa

Hatua ya kwanza haihitaji sheria mpya. Vijiwe vingi tayari vina utaratibu wa kuchangiana msiba na ugonjwa. Shilingi 500 kwa kila dereva kwa siku, ikiwekwa kwenye kibubu cha matairi, inafika 60,000 kwa siku 120. Dereva akipasukiwa kabla ya hapo, anakopa kwa wenzake na kununua tairi sahihi badala ya tairi la dharura.

Hatua ya pili ni ya matajiri na wanaoandika mikataba. Mikataba inataja kiasi cha kulipa, siku ya kulipa na adhabu ya kuchelewa. Iongezwe mistari miwili: tairi likifika kwenye TWI linabadilishwa, na ni nani anayelilipa. Tajiri anayeona hiyo ni gharama ya ziada akumbuke kwamba pikipiki iliyoanguka haileti hesabu.

Hatua ya tatu ni ya abiria. Kabla ya kupanda, weka kidole kwenye tairi la mbele. Kama kidole hakioni mfereji, mwambie dereva kwa upole kwamba utasubiri mwingine. Abiria watatu wakimwambia hivyo kwa siku moja, shilingi mia ya tairi zuri itapatikana.