Ituri: Miziki ya kamba ya wazee inakosa uwanja wa kucheza

Katika jimbo la Ituri, watu zaidi ya milioni 1 walikimbia makwao ju ya vita. Wakihesabu hasara, wanataja nyumba, ngombe, mashamba na masomo ya watoto. Lakini kuko kitu kingine kinachopotea polepole, na mara chache kinaandikwa mu rapoti: miziki ya kucheza ya kienyeji, ile wazee wanapigaka kwa adungu na kwa vyombo vingine vya kamba.

Chombo chenyewe

Adungu inajulikana zaidi kwa Waalur, wenyeji wa teritware ya Mahagi huku kwetu, na wa Zombo, Nebbi na Pakwach ng'ambo ya mpaka, Uganda. Ni mti uliochimbwa ndani na kufunikwa na ngozi ya ngombe, halafu mti mwingine ulioinama sawa upinde. Kamba zinatoka kwa ngozi mpaka kwa ule mti wa juu, na kila kamba iko na kigingi chake cha kuikaza.

Zeze ya kamba moja, ile inapigwa kwa upinde mdogo, ni jirani yake. Waganda wanaiita endingidi, Waacholi wanaiita rigi-rigi, Wajaluo wa Kenya wanaiita orutu. Adungu inapigwa kwa vidole, zeze kwa upinde, lakini kwa ngoma kazi yao inafanana. Mpigaji anashika sauti fupi, anairudilia, mmoja anaimba na wengine wanaitika. Wakati wote ule macho ya mpigaji yako kwa miguu ya wachezaji. Wakikaza, naye anakaza. Wakibadilisha hatua, naye anabadilisha. Mutoto anayejifunza kupiga peke yake ndani ya nyumba anajua nusu tu, ju nusu ingine inafundishwa na wachezaji.

Ngoma inataka siku yake

Hapo njo vita inaumiza. Miziki hii haipigwi tu ovyo. Iko na nafasi zake: mavuno, arusi, kumaliza kilio, kupokea mgeni mkubwa. Tangu mwisho wa mwaka 2017, vita iliporudi Djugu, vijiji vingi vilibaki bila watu. Pasipo shamba hakuna mavuno, na pasipo ngombe ya kutoa mahari arusi inangojea.

Hata kambini watu hawakupata usalama. Mwanzo wa mwezi wa pili 2022, wanamgambo wa CODECO waliua watu zaidi ya 60 mu kambi ya Plaine Savo, Djugu. Mwezi wa sita 2023, wengine zaidi ya 40 waliuawa mu kambi ya Lala. Nani atakusanya watu usiku na kupiga ngoma, sauti isikike mbali, kisha mambo kama hayo? Utawala wa kijeshi uliowekwa Ituri tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021 haukurudisha bado usiku wa amani kwa vijiji hivyo.

Tena, mwenye kukimbia usiku anabeba mutoto na godoro. Adungu inabaki ukutani. Kutengeneza ingine kunaomba mti mzuri, ngozi na fasi ya kufanyia kazi, na kambini vyote vitatu ni shida.

Mjini, na neno la kabila

Wengi walikimbilia Bunia. Hapa arusi inafanyika mu sale, na muziki unatoka kwa bafle. Makanisani kwaya ziko na gitaa na kinanda. Vijana hawakukataa ngoma ya wazee. Wengi wao hawajawahi kuikuta inachezwa mbele yao.

Kuko pia woga mwingine. Kisha vita ya 1999 mpaka 2003, na ile inayoendelea sasa, ngoma ya kabila moja mbele ya watu wote inaweza kuchukuliwa kama kuonyesha nguvu. Lakini historia ya Ituri haikukatwa kwa kisu. Wahema wa kaskazini na Walendu wanaongea lugha moja, na vita haikuondoa hiyo. Ngoma ikiachiwa wanasiasa peke yao, itakuwa bendera ya kabila. Ikirudi kwa wapigaji na wachezaji, inaweza kuwa tena kitu cha jirani kuja kutazama na kupiga makofi.

Majirani walifanyaje?

Uganda, adungu iliingia mashuleni kwa njia ya mashindano ya muziki na ngoma, ikaingia makanisani pia. Leo wanazitengeneza ndogo, za kati na kubwa za besi, zinapigwa pamoja.

Kenya, wapiga gitaa wa benga walichukua namna ya kupiga orutu na nyatiti, wakaitia ndani ya gitaa. D.O. Misiani na Shirati Jazz walijulikana sana kwa muziki ule. Baadaye kikundi cha Kenge Kenge kilirudisha orutu yenyewe jukwaani, pamoja na wachezaji. Haya yanatugusa, ju Kialur na Kijaluo ni lugha za ukoo mmoja. Fasi zote mbili, muziki ulipelekwa kule vijana walikuwa tayari, na watu waliendelea kuucheza.

Rumba nayo inafundisha vile vile. UNESCO iliiandika mu orodha yake mwezi wa kumi na mbili 2021, kisha miaka mingi ya watu kuicheza. Karatasi ilikuja nyuma ya miguu.

Kurekodi hakutoshi

Mwaka 1952, Hugh Tracey alipita kandokando ya pori la Ituri na kurekodi miziki ya Wabudu, Wabira, Wanande na Wambuti. Sauti hizo zinatunzwa Afrika Kusini, mu mji wa Makhanda, zamani Grahamstown. Ni mali kubwa. Lakini sauti inaonyesha wimbo, haionyeshi mguu unaanguka wapi.

Kwa hiyo, mwenye telefone anayetaka kusaidia aombe kwanza ruhusa ya muzee. Achukue picha ya mikono na ya wachezaji pamoja, aandike jina la wimbo, kijiji na siku unapochezwa. Viongozi wa kambi wanaweza kutoa saa moja ya mchana, kila jamii kwa zamu yake, mbele ya wengine. Mashirika yanayogawa mipira kwa watoto yanaweza kununua pia mti na ngozi, na kumlipa muzee mmoja anayejua kutengeneza.

Amani ikirudi, nyumba zitajengwa upya kwa matofali na bati. Lakini siku ya mavuno ya kwanza, watu watatafuta mtu wa kupiga. Lazima awe ameanza kujifunza sasa, wazee wangali hai.