Hakuna malaria: basi ni nini?

Mgonjwa wa homa akifika zahanati kule Lupepo, kwenye baridi na mvua za Rungwe, huanza kwa kutobolewa kidole. Tone la damu, matone ya dawa ya kipimo, kisha kusubiri kama robo saa: mstari mmoja, hakuna malaria; miwili, ipo. Kasi hiyo ni neema, lakini sehemu ngumu ni pale mstari unapobaki mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka hospitali tatu za kaskazini mashariki mwa Tanzania uliwafuatilia wagonjwa ambao kipimo cha haraka kilisema hawana malaria. Zaidi ya nusu waliandikiwa dawa za malaria hivyo hivyo. Ni rahisi kumlaumu tabibu kwa ukaidi. Mimi naona aliachwa na "hapana" tupu mbele ya mtoto anayechemka. Pengo hilo leo huzibwa na antibaotiki, au na Widal, kipimo cha taifodi cha tangu 1896 kinachotafuta kinga ya mwili wala si bakteria mwenyewe, na hivyo huweza kumtia hatiani mtu aliyepona zamani. Hapo nako tunabahatisha: miongoni mwa watoto 1,005 wenye homa waliochunguzwa Dar es Salaam na Ifakara, matokeo yakatoka 2014, malaria ilikuwa kwa takriban mmoja kati ya kumi, na wengi walikuwa na virusi, ambavyo antibaotiki haziviwezi.

Wapo watakaosema dawa ya tatizo hili ni mashine zaidi. GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, husoma kifua kikuu kwenye makohozi kwa saa mbili na kuonyesha usugu kwa dawa ya rifampisini papo hapo. Hakuna mwenye akili anayetaka kurudi nyuma. Lakini ilipojaribiwa kwenye kliniki, Mbeya ikiwa mojawapo ya vituo, walioanza dawa siku ileile waliongezeka kutoka asilimia 15 hadi 23, ila baada ya miezi sita hali za wagonjwa hazikutofautiana. Matabibu wengi walikuwa tayari wakianzisha dawa kwa kuangalia dalili.

Ndiyo maana natetea kazi isiyo na haraka: kuotesha vimelea maabara. Pingamizi lake ni zito. Jibu huchukua siku kadhaa, na mgonjwa aliyekwisha kumeza vidonge vya duka la dawa huenda chupa yake ya damu isioteshe kitu. Kweli, huyu mmoja huenda asifaidike. Atakayefaidika ni yule wa mwezi ujao, kwa kuwa tabibu wake atajua bakteria gani wanazunguka Rungwe na dawa ipi bado inawaua. Kutoka Tukuyu, makao makuu ya wilaya ya Rungwe, hadi maabara ya Mbeya ni lami ya kilomita kama 70. Gari la sampuli lenye ratiba, na mtaalamu wa mikrobiolojia anayempigia simu tabibu badala ya kutuma karatasi: fedha za wilaya ningezipeleka huko kwanza, mashine nyingine ifuate.