Kabondo: Habari inafika bila tarehe

Katika tarafa ya Kabondo, hapa Kisangani, wanaofungua ukurasa wa habari na kuusoma mpaka mwisho ni wachache. Wengi habari inawafikia ikiwa imekwisha kupita mikono kumi: picha ya kichwa cha habari, au sauti ya mtu asiyejulikana kwenye kundi la WhatsApp la parokia, la mtaa, la familia. Tusiwalaumu. Ukurasa wenye picha nyingi unakula mega kabla haujafunguka. Umeme ukikatika, mtu analipa ili achaji simu kwa jirani mwenye jenereta. Hawezi kumaliza chaji hiyo kwa makala ndefu ya Kifaransa.

Mimi nawalaumu wenye kutoa habari, na wakubwa kwanza. Karatasi yenye muhuri inapigwa picha, herufi ndogo, Kifaransa kitupu, inatupwa mtandaoni. Mama muuzaji sokoni anaona muhuri tu. Anamwuliza mtoto wake, mtoto anaeleza alivyoelewa, na maelezo hayo ndiyo yanarekodiwa na kutumwa kwa wengine. Hivyo tangazo la serkali linageuka tetesi.

Mwaka 2023, mzozo wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipolipuka upande wa Lubunga, ng'ambo ya mto, maelfu ya watu walikimbia makao yao. Siku kama zile, sauti moja isiyo na tarehe wala mahali, inayosema tu "wanakuja", inatosha kumfanya baba afungashe mizigo au, mbaya zaidi, amtazame jirani wa kabila lingine kama adui. Baada ya mwezi mtu anaituma tena, na inasikika kama ya leo.

Wako wanaosema dawa ni kukata intaneti. Tumekwisha kuiona dawa hiyo. Ilikatwa tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, ikarudi karibu wiki tatu baadaye. Tetesi zilipanda toleka zikaendelea na safari. Na kodi ya RAM, iliyokata inite za watu tangu 2020, hadi dola 7 kwa mwaka, kabla ya kufutwa 2022? Mega zikipanda bei, watu wanabaki na habari za kuokota.

Ninachoomba hakina gharama kubwa. Kila tangazo la meya au la mkuu wa tarafa litoke pia kwa sauti, dakika moja, kwa Kiswahili na Lingala, msemaji akianza na jina lake, tarehe na mahali. Sisi waandishi tuweke tarehe juu ya kichwa cha habari, siyo chini, maana chini ndipo wanapokata picha. Na viongozi wa makundi wamwulize kila mtumaji: hii ni ya lini? Akikosa jibu, waifute mbele ya wote. Ataona haya mara mbili, ya tatu atauliza mwenyewe kabla ya kutuma.