FAHARI HUPITA, UJUZI HAUZEEKI

Historia ya magari ya fahari aghalabu husimuliwa kwa majina ya watu walioyapanda: mfalme huyu, tajiri yule. Ni nadra kusimuliwa kwa majina ya mikono iliyoyaunda. Leo tunapenda kuigeuza desturi hiyo kwa kulitazama jina moja lililovuma mno Ulaya katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, nalo ni Hispano-Suiza. Jina hilo linaunganisha Uhispania na Uswisi, kwa sababu mtaji ulikuwa wa Wahispania wa mji wa Barcelona, na ujuzi ulikuwa wa kijana wa Kiswisi, Marc Birkigt, aliyezaliwa Geneva mwaka 1878.

Mwanzo wake haukuwa wa fahari hata kidogo. Mwaka 1898 ofisa mmoja wa jeshi, Emilio de la Cuadra, alianzisha karakana mjini Barcelona akinuia kuunda magari yanayokwenda kwa umeme. Betri za zama zile zilikuwa nzito na dhaifu, na mradi ukafilisika. Mmoja wa waliomdai, J. Castro, akaishika kazi mwaka 1902, naye akashindwa. Mwezi wa Juni 1904 Damián Mateu na wenziwe wakaunda kampuni mpya, na hiyo ndiyo Hispano-Suiza.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Katika muda wa miaka sita wenye mali walibadilika mara mbili, lakini fundi alibaki yule yule. Kila aliyekuja na fedha zake, kitu cha thamani alichokikuta hakikuwa jengo wala mashine, bali elimu iliyokuwamo kichwani mwa Birkigt na mikononi mwa wafanyakazi aliowafunza. Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu mwenyeji alipona kwake kweli kweli.

Mfalme Alfonso XIII wa Uhispania akawa mteja, na gari moja jepesi la kampuni hiyo likapewa jina lake. Mwaka 1911 ikafunguliwa karakana nyingine Levallois-Perret, karibu na Paris, kisha ikahamia Bois-Colombes. Vilipozuka Vita Vikuu vya kwanza mwaka 1914, Birkigt aliunda injini ya ndege yenye silinda nane, ambayo silinda zake zilikuwa katika bonge moja la alumini badala ya kuunganishwa moja moja. Injini hiyo ilikuwa nyepesi, na nguvu zake zilikuwa nyingi. Ziliundwa kiasi cha 50,000, nyingi zikitengenezwa kwa leseni katika viwanda vya Ufaransa, Uingereza, Marekani na Italia. Sanamu ya korongo iliyopambia magari ya kampuni hiyo baada ya vita ilitokana na alama ya kikosi cha rubani Mfaransa Georges Guynemer, aliyekufa vitani mwaka 1917.

Mwaka 1919 likaonyeshwa mjini Paris gari la H6, lenye injini ya silinda sita na ujazo wa lita 6.6, iliyotokana na maarifa yale yale ya injini za ndege. Breki zake zilishika magurudumu yote manne, na zilisaidiwa na mtambo uliopokea nguvu kutoka kwenye gari lenyewe, hata dereva asitegemee nguvu za mguu wake peke yake. Rolls-Royce wa Uingereza, ambao hawakuwa watu wa kukiri upesi kushindwa, walichukua leseni ya mtambo huo.

Wapo watakaodakia hapo na kusema: kumbe anasa ndiyo mama wa maendeleo! Hatukubaliani nao. Nani aliyelipa gharama za kuikuza injini ile? Si matajiri walionunua H6. Ni hazina za mataifa, yaani jasho la walipa kodi, zilizoagiza injini za ndege kwa maelfu. Matajiri walikuja kuchuma katika shamba lililolimwa na umma.

Na shamba lile lilipokauka, wao walikuwa wa kwanza kuondoka. Mwaka 1931, dunia ikiwa katika mdororo mkubwa wa uchumi na mamilioni ya watu hawana kazi, kampuni ilitoa gari la J12, lenye silinda kumi na mbili na ujazo wa lita 9.4. Mwaka huo huo Mfalme Alfonso aliihama nchi yake. Kufikia 1938 utengenezaji wa magari ya fahari huko Ufaransa ulikoma.

Je, karakana zilikufa? La, hasha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Uhispania mwezi wa Julai 1936, wafanyakazi wa Barcelona walikishika kiwanda na kuunda magari ya deraya ya kuilinda Jamhuri yao. Jamhuri ilishindwa. Serikali ya Franco, ambayo sisi hatuna sifa ya kuipa, ilipotaka malori ya kujenga nchi iliyobomoka, ilikwenda kugonga mlango ule ule: mwaka 1946 shirika la serikali, ENASA, lilikichukua kiwanda, na humo yakatoka malori ya Pegaso. Huko Ufaransa nako, mafundi waliendelea na mitambo ya ndege, hata kampuni ikaingizwa chini ya Snecma, shirika la serikali, mwaka 1968. Mwaka 2019 jina la kale likafufuliwa kwa gari la umeme liitwalo Carmen, lililotangazwa kuwa yataundwa 19 tu. Umeme uliomshinda de la Cuadra umewezekana, ila bado ni kwa wachache.

Katika habari hii yote, mfano unaotupendeza zaidi ni wa Czechoslovakia. Nchi ile changa haikuridhika kuagiza H6 na kuipokea tu. Kiwanda cha Škoda kilinunua leseni, mafundi wake wakajifunza, na gari la kwanza likakabidhiwa kwa Rais Masaryk mwaka 1926. Rais huyo naye alipanda gari la fahari, hilo halifichiki. Walakini lilikuwa limeundwa na wananchi wake, na walipomaliza kuliunda walikuwa wanajua jambo ambalo jana yake hawakulijua.

Hiyo ndiyo tofauti tunayotaka wakubwa wa idara waitie akilini. Anayenunua gari hupata gari, na gari huchakaa, na hewa ya chumvi ya visiwani haina huruma na chuma cha mtu. Anayenunua ujuzi hupata kitu kisichopata kutu. Basi kabla ya kutia saini ya kuagiza chombo chochote kwa fedha za umma, na kabla ya kuuliza bei na rangi, na liulizwe swali moja: ni vijana wetu wangapi watakaofunzwa kukifungua, kukitengeneza na kukifunga tena? Jibu liandikwe katika hati ile ile yenye bei, na wananchi, ambao ndio wenye fedha, walisome.