Tatizo ni mteremko

Mwandishi wa makala kuhusu maumivu ya goti kwa wakimbiaji, kwa sisi wa Kitui na Makueni umeruka jambo kuu: mteremko. Vijana wa vilima vya Kilungu na Mbooni hujivunia kupanda, ilhali goti huumia zaidi wakati wa kushuka, kwa kuwa msuli wa mbele ya paja ndio unaozuia mwili na pia ya goti hugandamizwa kila hatua. Pandeni mbio, shukeni mkitembea, angalau wiki za mwanzo. Anayeshuka mbio apige hatua fupi za harakaharaka, nyayo zikitua chini ya mwili, si mbele yake. Mchanga wa mito mikavu ni laini, kweli, ila huhamishia mzigo kwenye kigimbi na kano ya kisigino. Dakika chache za kukimbia humo zatosha. Mazoezi ya kuimarisha nyonga na mapaja nayo yasikose.

Benson Masya, mzaliwa wa Kitui, alishinda mbio za kwanza za dunia za nusu marathoni mwaka 1992. Nawasihi walimu wa michezo wawalinde wanaomfuata: msiwarundikie kilomita ghafla shule zikifunguliwa. Na goti likivimba, mtoto apelekwe hospitali, asisuguliwe dawa na kurudishwa barabarani.