Pasi ya makala imeharibika: tuitengeneze ao tununue ingine?



Juma lililopita, kisha mkutano, mama mmoja wa kikundi chetu aliniuliza: «Mwalimu, kifuniko cha pasi yangu kimeachana na bawaba. Niipeleke kwa fundi, ao ningojee zamu yangu ya likelemba ninunue mpya?» Nilimwahidi kumjibu hapa, kwa sababu swali hilo lilinipata mimi pia, na nilikosea.

Mwaka jana bawaba ya pasi yangu ilikatika. Niliiweka chini ya kitanda nikisema tutaona mwezi ujao. Ilikuwa wakati wa mvua. Nguo za mtoto nilizianika barazani, zikashinda pale siku mbili bila kukauka vizuri. Siku chache baadaye mtoto alianza kulia usiku. Mgongoni alikuwa na vipele vinne kama majipu, kila kimoja na kitundu juu. Kwenye kituo cha afya muuguzi alipaka vazelini juu ya vitundu. Vidudu vilipokosa hewa vilijitokeza, akavitoa kimoja kimoja.

Alinieleza kwamba kuna nzi anayetaga mayai juu ya nguo zenye unyevu, hasa zilizoanikwa kivulini. Mayai yanaanguliwa, na mtoto akivaa nguo hiyo, kidudu kinaingia ndani ya ngozi. Joto la pasi linaua mayai na vidudu. Ulaya na Marekani wako na mashine za umeme za kukausha nguo. Kwetu Kamango kazi hiyo ni ya jua na pasi. Basi pasi si ya urembo tu.

Mbele ya kuamua, jiulize mambo matatu.

Kwanza, nini kimeharibika? Bawaba, komeo na mshikio wa mti vinatengenezeka. Kutu chini ya pasi inaondoka kwa msasa. Kisha pasha pasi moto kidogo, uisugue na mshumaa na kuipangusa kwa kitambaa kikuukuu. Lakini kitako kikipasuka ao kutoboka, usipoteze faranga. Chuma hicho ni cha kumiminwa, ni kigumu kuchomelea, na mara nyingi kinapasuka tena. Makala ya moto yanaweza kuanguka juu ya nguo ao juu ya mguu wako.

Pili, fundi anaomba kiasi gani? Uliza bei mbele aanze kazi. Mimi ninafuata kanuni hii: akiomba zaidi ya nusu ya bei ya pasi mpya, afazali kununua.

Tatu, ile mpya inafaa kweli? Iinue: ile nyepesi inapoa upesi na kula makala mengi. Iweke juu ya meza uone kama haiyumbi. Funga kifuniko mara kadhaa. Pasi nzito ya zamani, yenye kitako kizima, inaweza kushinda mpya ya bati.

Kwa kungojea, usikae bila pasi. Azima kwa jirani, ao nyumba tatu zitumie moja. Anika nguo kwenye jua kali mpaka zikauke kabisa, si juu ya majani wala chini. Piga pasi pande zote mbili, zaidi kwenye mishono, mikanda ya kiuno na nepi. Na usipige pasi ndani ya chumba kilichofungwa ambamo mtoto analala: moshi wa makala unaua, hata ule usioonekana.

Pasi yangu fundi aliitengeneza asubuhi moja, kwa faranga chache kuliko zile nilizotumia kwa matunzo ya mtoto. Mama uliyeniuliza, kitako cha pasi yako ni kizima: ipeleke juma hili. Faranga ya likelemba itapata kazi ingine.