Loliondo: Sindano nyingi, vipimo vichache

LOLIONDO, wilayani Ngorongoro, ni nchi ya mifugo, na duka la dawa za mifugo huko halikosi mteja. Ng'ombe akizubaa na kuacha kula, mwenyewe humchoma tetrasaiklini. Asipopona hufuata dawa ya ndigana, kisha ya ndorobo. Akifa, mfugaji amepoteza ng'ombe na bei ya dawa tatu.

Hilo si suala la ujinga. Wamaasai wanaitambua oltikana, yaani ndigana kali, kwa tezi zinazovimba chini ya sikio, na ormilo kwa ng'ombe anayezunguka mahali pamoja kama kipofu. Lakini homa ya mwanzo hufanana, na vimelea havifanani. Vya ndigana kali, vinavyoletwa na kupe wa masikio, huzaliana kwanza ndani ya seli nyeupe. Vya mkojo mwekundu huvunja seli nyekundu. Vya nagana, au ndorobo, huogelea nje ya seli.

Dawa nazo zina mipaka yake. Buparvakoni hutibu ndigana kali ikiwahi, wala haigusi nagana. Diminazini hutibu nagana na mkojo mwekundu. Kwa ndigana kali ni sawa na maji. Tetrasaiklini ndiyo ya ndigana baridi, ambayo chanzo chake ni bakteria.

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Mtaalamu huchoma sindano kwenye tezi iliyovimba, hunyonya majimaji kidogo, huyatandaza juu ya kioo, hupaka rangi ya Giemsa na kutazama kwa darubini. Damu ya sikioni nayo hupimwa, ila hapo pana mtego: ng'ombe aliyepona ndigana kali huweza kubaki na vimelea vichache katika damu kwa muda mrefu. Anayesoma kioo cha damu peke yake anaweza kumtibu ndigana mnyama anayeumwa kitu kingine. Ormilo ni ngumu zaidi, kwani uthibitisho hupatikana kwenye ubongo baada ya mnyama kufa. (Hata kuku hupata vimelea vya damu, lakini seli nyekundu za ndege zina kiini, aliyezoea damu ya ng'ombe atadanganyika.)

Maabara ya kanda ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ipo Arusha, na kutoka Wasso ni safari ndefu. Ndigana kali haingoji majibu. Kihesabu, darubini moja na mtu mmoja aliyefunzwa, karibu na mnada, vingeweza kugharimiwa kwa ada ya vikundi vya wafugaji. Muuza dawa huenda asifurahi, kwani sindano za kubahatisha ndizo mauzo yake. Mchuuzi wa ng'ombe angefaidika: nyama ya mnyama aliyechomwa buparvakoni hairuhusiwi kuliwa hadi zipite siku 42, na tiba isiyo ya lazima humfungia mtaji wake muda wote huo.

Wapo wanaosema chanjo inatosha. Chanjo ya ndigana kali, iliyotokana na utafiti wa Muguga nchini Kenya, imewaokoa ndama wengi kaskazini mwa Tanzania. Lakini haizuii nagana wala ndigana baridi, na vimelea vinavyotoka kwa nyati huweza kuishinda. Loliondo, ambako ng'ombe na nyati hukutana malishoni, ndama mwenye hereni ya chanjo akipata homa bado anahitaji kupimwa.